Jina la Musa Lilitoka Misri

Kitabu cha Kutoka, sura ya 2 aya ya 10, kinasema binti Farao alimwita mtoto Musa kwa sababu alimtoa majini. Maelezo hayo yanalifunga jina na kitenzi cha Kiebrania masha, kuopoa, lakini hayakai sawa. Kisarufi, Moshe ni mwopoaji, ilhali mtoto ndiye aliyeopolewa. Tena binti wa mfalme alikuwa na sababu gani ya kumpa mwanawe wa kulea jina la lugha ya watumwa, watu ambao baba yake ameamuru watoto wao wa kiume watupwe mtoni? Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, alikwisha kuitafuta maana katika Kimisri, ingawa naye alibaki kwenye maji yale yale. Jibu lililo wazi zaidi ni mose, neno la Kimisri la kuzaliwa, ambalo kwa kawaida hufuata jina la mungu: Thutmose ni "Thoth amezaliwa". Wengine waliitwa Mose tu. Kaburini Saqqara, zama za Ramesses wa Pili, karani mmoja wa hazina ya mungu Ptah mwenye jina hilo alichongesha ukutani kesi yake ya shamba, pamoja na habari za hati za kughushi zilizoletwa na mpinzani wake. (Migogoro ya ardhi haikuanza jana.)

Wanaopinga asili hiyo ya Kimisri wana hoja nzito: mji wa Ramesesi, katika Kutoka 1:11, ambao jina lake lina neno hilo hilo mose, umeandikwa kwa herufi ya s, na Moshe kwa herufi ya sh. Hata hivyo jina moja laweza kuingia katika lugha kwa njia mbili na kupata sura mbili. Kiswahili kina Musa wa Kiarabu, aliyemo katika Biblia ya Union, na Mose wa Biblia Habari Njema. Pia, watu wakishaisikia masha ndani ya jina, matamshi nayo huvutwa huko. Alikopotea Sigmund Freud, katika kitabu chake cha 1939, ni kulichukua jina la Kimisri kuwa dalili kwamba mwenye jina alikuwa Mmisri. Danieli aliitwa Belteshaza huko Babeli akabaki Myahudi. Finehasi, mjukuu wa Haruni, ana jina la Kimisri lenye maana ya Mnubi, na vizazi baadaye, huko Shilo katika nchi ya Kanaani, kuhani Eli aliwaita wanawe Hofni na Finehasi, yote mawili ya Kimisri.