Hali ya Maisha na Kura ya Mwana Katavi

Mwaka 2005 CHADEMA ilishinda majimbo matano tu nchini, likiwamo Mpanda Kati. Mwaka 2015 Mpanda Mjini ikachukuliwa na CCM. Wapigakura wetu, basi, hawafungwi na mazoea. Katumba na Mishamo wamo waliopewa uraia mwaka 2014, baada ya ukimbizi ulioanza 1972. Kwao ardhi si hoja ndogo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano (Gaudium et Spes, 75) wadai kura huru kwa manufaa ya wote. Lakini uchaguzi huangukia Oktoba: fedha za mahindi zimekwisha kwa wengi, mbegu na mbolea zatakiwa kabla ya mvua. Takrima, iliyobatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, hupenya hapo. Na anayeinunua shida ya mkulima hubeba, naona, lawama kubwa kuliko mkulima mwenyewe.