Mchunga: Habari za Mboga ya Mwituni Kandokando ya Dar es Salaam

Waandishi wa habari za Dar es Salaam hupenda kuanza na majumba. Husimulia jinsi Sultani Majid wa Unguja alivyoanza kujenga karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, na jinsi Wajerumani walivyohamishia huko makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Habari hizo ni za kweli, lakini ni habari za bandari. Mashamba yaliyouzunguka mji, ambayo leo ni mitaa ya Kinondoni, Temeke na mbele yake, hayakuandikiwa mengi. Hapa twataka kuyatazama kwa njia ya mmea mmoja mdogo uitwao mchunga, maana mmea huu hupenda hasa ardhi iliyochimbuliwa, na kwa hiyo ni shahidi wa mahali jembe lilipopita.

Kwanza tueleze umbo lake. Mchunga hupata kimo cha mita moja, na pengine huzidi kidogo. Shina lake limesimama wima na ndani lina uwazi. Likivunjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Majani ni marefu na membamba, nayo mengi hukaa chini karibu na ardhi; mengine yana vipande vilivyochomoza pande mbili. Maua ni madogo, rangi yake manjano. Kila mbegu ina nywele nyeupe laini, nao upepo huichukua mbali. Chini ya udongo mizizi yake hutambaa, na hapo ndipo penye nguvu zake. Mkulima akiikata kwa jembe, kila kipande chaweza kuchipua tena. Basi mwenye shamba akidhani ameung'oa, mara nyingi ameupanda.

Wataalamu wa mimea waliuandika mwaka 1877 kwa jina la Sonchus cornutus. Mwaka 1966 Charles Jeffrey, wa bustani ya Kew katika Uingereza, aliutia katika jamaa nyingine, na tangu hapo huitwa Launaea cornuta. Neno cornuta ni la Kilatini, maana yake “yenye pembe”. Mmea huu si wa pwani peke yake. Waonekana kutoka Nigeria na Kameruni hata Uhabeshi na Somalia, na kusini hata Msumbiji na Zimbabwe: mashambani, katika mashamba yaliyolazwa, kando ya njia na kando ya mito.

Jina la Kiswahili nalo lastahili kuangaliwa. Mgeni wa lugha aweza kudhani ni neno moja na mchunga, yaani mtu achungaye wanyama. Lakini mchunga wa wanyama katika wingi ni wachunga, na mboga hii katika wingi ni michunga, kama miti yote. Sisi twaona kuwa jina hili ni ndugu wa neno uchungu, kwa sababu ya ladha yake. Ushahidi waonekana kwa jirani zetu wa pwani ya Kenya. Wagiriama husema mutsunga kwa mboga, na utsungu kwa uchungu, kama vile mchanga wetu ulivyo mutsanga kwao. Sauti zimebadilika kwa kanuni moja, na maneno yote mawili yamekwenda pamoja.

Sasa turudi nje ya mji. Nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam ni nchi ya Wazaramo, nayo ililimwa muhogo, mtama, kunde, na mpunga mabondeni. Minazi na mikorosho ikapandwa pia. Hesabu ya mwaka 1948 ilipata watu 69,227 katika mji. Wakati huo shamba lilikuwa karibu na kila mlango. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilipima viwanja na kujenga nyumba Magomeni na Temeke. Katika miaka ya 1970 vikapimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Kila nyumba zilipofika, jembe lilisogea mbele, nao mchunga ukasogea pamoja nalo kuelekea Mbagala, Goba na Bunju. Walakini haukuondoka wote. Ulibaki katika viwanja visivyojengwa, kando ya reli, na katika ua ambapo mama wa nyumba hulima matuta mawili matatu. Hesabu ya mwaka 2022 ilipata watu 5,383,728 katika mkoa wote.

Mboga hii si ya kupuuzwa. Mwaka 1943, wakati wa vita, chakula kilipungua hata serikali ikakigawa mjini kwa vipimo. Tena katika mwaka 1974 na 1975 njaa iliitisha nchi, watu wakahimizwa kulima kwa mwito wa “kilimo cha kufa na kupona”, na watu wa mjini hawakuachwa nje. Katika siku kama hizo mtu asiye na fedha hutazama chini, na ajuaye majina ya majani hupata kitoweo. Mboga isiyopandwa haingoji mbegu ya dukani.

Mapishi yake yahitaji ujuzi. Majani machanga huchumwa kabla mmea haujatoa maua, huchemshwa, na maji ya kwanza humwagwa ili uchungu upungue. Kisha huungwa kwa tui la nazi, pengine pamoja na mchicha au majani ya kunde ili kuutuliza ukali, yakaliwa kwa ugali. Wako wazee wasiomwaga maji yote, wakisema mchunga usio na uchungu si mchunga. Watu huuchemsha pia uwe dawa ya homa na ya tumbo. Lakini mgonjwa wa homa asikawie kwenda hospitali kwa kuutegemea.

Liko jambo la kuonya. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mboga zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na ndani yake yalipatikana madini mazito, risasi ikiwamo. Mchunga nao hupenda kingo za mito; basi jani lililokuwa msaada wa maskini laweza kumdhuru, likichumwa penye maji machafu ya viwanda. Zamani ilitosha kujua jani lipi. Sasa yapasa kujua pia limeota wapi.

Kwa hiyo twawaomba walimu wafanye kazi ndogo. Wawatume wanafunzi kwa bibi na babu zao wakaulize majina ya mboga za mwituni, kila jina liandikwe pamoja na wingi wake, mahali pa kuota, na namna ya kupikwa. Mtoto wa Temeke au Kinondoni aweza kutaja mboga zote za sokoni, asijue ile iliyoota nyuma ya darasa lake. Mmea wenyewe hautapotea upesi, kwa kuwa mizizi yake ni migumu. Kinachoweza kupotea ni ujuzi wa kuutumia, nao hauna mizizi ila katika vinywa vya watu.