Nakala ya Anguko: Historia ya Jina na Mahali pa Kuihifadhi

Mfumo wa uendeshaji wa kompyuta uangukapo ghafla, kiini chake, yaani programu kuu inayoitawala mashine nzima, hujaribu kutenda jambo moja la mwisho: kunakili yaliyomo katika kumbukumbu ili mafundi wapate kuchunguza sababu. Kiingereza hukitaja kitendo hicho kwa neno lilelile la kumwaga taka. Kwetu neno hilo limekwisha kuingia kwa umbo la "dampo", nalo kwa watu wengi ni jalala tu. Basi mtafsiri akiandika "dampo la kiini", mtumishi wa ofisi atadhani ni uchafu unaostahili kufutwa, kumbe huenda ndio ushahidi pekee uliosalia.

Hapana budi kuirejea historia. Tangu miaka ya 1950 hadi ya 1970, kumbukumbu za kompyuta nyingi ziliundwa kwa vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa katika nyaya mithili ya shanga. Kila kipete kilishika tarakimu moja tu, sifuri au moja. Jina la Kiingereza la vipete hivyo nalo hufasiriwa "kiini". Vipete vimetoweka, jina limebaki. Na hivyo viini viwili, ambavyo katika Kiingereza ni maneno mbalimbali kabisa, hugongana katika Kiswahili.

Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani. Mwongozo wa toleo lake la sita, la mwaka 1975, ulimwagiza mwendeshaji aweke mkanda wa sumaku, kisha aianzishe mashine kwa mkono katika anwani maalumu ili kumbukumbu yote iandikwe mkandani. Hapakuwa na la kuchagua.

Uchaguzi ulikuja na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapa pana hekima inayostahili kuelezwa kwa utulivu. Kiini kilichoanguka hakiaminiki tena: kikiruhusiwa kuandika katika faili za kawaida, chaweza kuziharibu zote. Kwa hiyo nakala huandikwa moja kwa moja katika sehemu ya diski ambayo mfumo huitumia kama ghala la muda la kumbukumbu, sehemu isiyo na faili za mtu. Tena huandikwa mwishoni mwa sehemu hiyo, ili mfumo unapoamka na kuanza kuitumia kutoka mwanzo usiifute upesi. Ndipo programu iitwayo savecore huihamishia katika saraka, aghalabu /var/crash. Msimamizi aweza kuweka humo faili iitwayo minfree, inayotaja nafasi ambayo lazima ibaki wazi. Nakala ikitishia kuimaliza, haihifadhiwi.

Kadiri kumbukumbu zilivyokua, ghala la muda lilionekana dogo, na baadhi ya mifumo ikaanza kunakili kurasa zile tu zilizotumiwa na kiini. Linux ilifuata njia nyingine mwaka 2005: kiini cha pili huwekwa akiba katika sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa tangu mashine inapowashwa. Cha kwanza kikianguka, cha pili huamka kikiwa kizima, na chaweza kuiandika nakala katika diski ya mashine yenyewe au kuituma kwa mashine nyingine mtandaoni.

Uamuzi huo wa mahali si wa fundi peke yake. Nakala huweza kubeba maneno ya siri na barua zilizokuwa zikisomwa saa ya anguko. Achaguaye mahali pa kuihifadhi amechagua pia nani aweza kuisoma.

Tukirudi kwenye istilahi, "wasia" lingependeza sikioni, lakini wasia hutolewa kwa kukusudia, na kiini kianguacho hakikusudii neno lolote. Mwandishi huyu aonelea "nakala ya anguko" ndilo jina lielezalo kitu chenyewe. Na pale ambapo kamusi ya zamani ya ufundi yataja "kiini" kwa maana ya vipete, iandikwe "kumbukumbu" tu. Ama maandishi kama /var/crash na savecore, hayo yaachwe yalivyo, kwa kuwa msomaji wake wa kwanza ni mashine.