Chunjua, Sakoidi, Saratani: Majina na Tiba ya Uvimbe wa Ngozi ya Farasi

Mfasiri wa vitabu vya utabibu wa mifugo hukabiliwa mara kwa mara na tatizo lenye sura mbili: ugonjwa mmoja huwa na majina mengi, na jina moja hubeba magonjwa mengi. Tatizo hili si la watunga kamusi peke yao. Bwana Mifugo aliyeko wilayani hufuata maelezo aliyoandikiwa. Mwenye mnyama hufuata kauli ya Bwana Mifugo. Na mwishowe kisu au sindano hufuata kauli hiyo. Katika makala haya tumechagua mfano wa uvimbe unaoota katika ngozi ya farasi, ili tuonyeshe jinsi historia ya tiba yake ilivyokwenda sambamba na historia ya majina yake, na funzo ambalo Kiswahili chaweza kulipata humo.

Huenda msomaji akauliza: farasi watuhusu nini? Tangu zamani watu wa pwani wanayo maneno farasi, hatamu, lijamu na tandiko. Ni kweli kwamba huko bara mbung'o na tauni ya farasi viliwafanya wanyama hao wawe wachache. Lakini punda tunao wengi. Ndio wachukuzi wa maji na mizigo vijijini, na katika vichochoro vya Lamu hawana mshindani. Uvimbe tutakaoueleza huwapata punda kama unavyowapata farasi, na huwapata pia nyumbu, yaani wale waliozaliwa na punda na farasi, wala si nyumbu wa porini. Hata pundamilia wa Afrika Kusini wameonekana nao.

Tuanze na maneno tuliyo nayo. Neno uvimbe ni pana mno: kila kinachotutumka mwilini ni uvimbe, liwe jipu, liwe donge la damu. Chunjua ni kiota kidogo cha ngozi, kigumu na chenye kukwaruza. Donda ndugu ni kidonda kisichokubali kupona. Saratani tumeipata kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni kaa. Wayunani na Warumi nao waliuita ugonjwa huo kwa jina la kaa, na inasimuliwa kuwa waliona mishipa iliyouzunguka uvimbe imetanuka mfano wa miguu ya mnyama huyo. Wanajimu wetu wanalo neno hilo hilo kwa nyota ya Kaa. Basi maneno hayakosekani. Shida ni kwamba ugonjwa tunaouzungumzia huweza kuvaa sura ya yote hayo.

Waganga wa farasi huugawa uvimbe huo katika aina 6. Aina ya kwanza ni baka lisilo na manyoya, ambalo asiyejua hulidhania choa. Ya pili ni ya kukwaruza, mfano wa chunjua. Ya tatu ni donge gumu chini ya ngozi. Ya nne ni nyama nyekundu iliyo wazi, yenye kutoka damu kwa urahisi, mfano kamili wa donda ndugu. Ya tano ni mchanganyiko wa hizo. Ya sita, ambayo ni ya nadra na kali kuliko zote, hutambaa ndani kwa kufuata mishipa ya limfu. Mtu anayetaja kwa jicho tu atauita ugonjwa huu mmoja kwa majina manne, na kila jina litamwelekeza kwenye dawa yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ulaya kwa muda mrefu. Shule ya kwanza ya utabibu wa wanyama ilifunguliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1762, chini ya Claude Bourgelat. Ya London ikafuata mwaka 1791. Zana za waganga wa enzi hizo zilikuwa kisu, chuma cha moto, uzi wa kufungia shina la uvimbe hadi ukauke na kudondoka, na dawa za kuunguza. Mara nyingine mnyama alipona. Mara nyingi uvimbe ulirudi, na uliporudi ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Aliyeuita chunjua alistaajabu, kwani chunjua halisi ya mwanafarasi hutoweka yenyewe baada ya miezi michache. Aliyeuita saratani naye alistaajabu, kwani farasi yule aliendelea kula, kuvuta na kukimbia kwa miaka, na alipopasuliwa baada ya kufa mapafu na ini vilikuwa safi. Kila jina lilisema ukweli nusu, na tiba nayo ikawa ya nusu.

Mwaka 1936 ndipo lilipopatikana jina jingine, nalo lilipatikana katika bara letu. Katika kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo cha Onderstepoort, karibu na Pretoria, mtaalamu aliyeitwa Jackson alichapisha uchunguzi mkubwa wa uvimbe wa wanyama wa kufugwa wa Afrika Kusini. Aliona kwamba uvimbe huu wa farasi ni kitu cha peke yake, akaupa jina ambalo kwa matamshi yetu ni sakoidi. Jina hilo limeundwa kwa Kiyunani: sehemu ya kwanza ni nyama, ya pili ni kufanana. Maana yake ni kwamba kitu hiki chafanana na sakoma, yaani saratani ya nyama, lakini sicho. Huzama mahali pake na kuharibu palipo jirani, ila hakipeleki mbegu zake katika viungo vya mbali. Neno lenyewe halikuwa jipya: Caesar Boeck wa Norwei alikwisha kulitumia mwaka 1899 kwa ugonjwa mwingine kabisa wa ngozi ya binadamu. Mfasiri na ajihadhari hapo asije akayachanganya mawili hayo.

Faida ya jina la Jackson ilikuwa kwamba lilifungua swali. Ikiwa hiki si chunjua wala si saratani, basi chanzo chake ni nini? Mwaka 1951 Olson na Cook, huko Marekani, walichukua maji ya chunjua za ng'ombe, wakayaingiza katika ngozi ya farasi. Ukaota uvimbe uliofanana na sakoidi. Mwaka 1977 watafiti wakaona ndani ya sakoidi zenyewe chembe za urithi za virusi vya chunjua ya ng'ombe. Leo yajulikana kwamba virusi hivyo, hasa aina ya 1 na ya 2, hupatikana katika sakoidi nyingi mno, na kwamba farasi wa koo fulani hupatwa kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Kumbe wale wa zamani waliotaja chunjua hawakupotoka kabisa. Walichokosea ni mnyama, kwani chunjua ilikuwa ya ng'ombe.

Maarifa hayo yalileta tiba mpya, na kila moja ilikuja na msamiati wake.

Katika miaka ya 1970 waganga walianza kuingiza ndani ya sakoidi chanjo ya kifua kikuu ya BCG, ile iliyotengenezwa Ufaransa na Calmette na Guérin na kutumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Nia haikuwa kuzuia kifua kikuu, bali kuuamsha mwili ushambulie uvimbe. Matokeo yalikuwa mema hasa kwa uvimbe ulio karibu na jicho, na hafifu kwa ule wa miguuni. Farasi wengine walipatwa na mshtuko wa mwili uliotishia uhai wao, hata ikabidi kuwatayarishia dawa za kuutuliza kabla ya sindano. Kwa tiba ya namna hii twapendekeza istilahi kuchochea kinga. Kuiita chanjo kungempotosha msomaji, kwa maana chanjo hutangulia ugonjwa, na hii hufuata.

Katika miaka hiyo hiyo ilienea tiba ya kuugandisha uvimbe kwa nitrojeni kimiminika, ambayo baridi yake hufika nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri. Uvimbe hugandishwa, ukaachwa uyeyuke, kisha ukagandishwa tena, mara 2 au 3, ili seli zake zife. Manyoya yakiota tena mahali hapo huwa meupe. Neno kugandisha latosha, tena kila aliyeona barafu hulielewa.

Kisha zikaja dawa za kuua seli. Sisplatini, ambayo nguvu zake juu ya seli ziligunduliwa na Barnett Rosenberg huko Michigan mwaka 1965, ilianza kuchomwa ndani ya uvimbe wa farasi, na katika miaka ya 1990 madaktari wa California walieleza namna ya kuichanganya na mafuta ya ufuta yaliyosafishwa ili isienee upesi nje ya uvimbe. Dawa hii ina hatari kwa anayeishika, na maelezo yake ya Kiswahili hayana budi kutaja glavu kabla ya kutaja sindano. Zipo pia marhamu zenye kuunguza au kuchochea kinga, na ipo tiba ya mionzi, ambayo matokeo yake ni mazuri sana, ila vituo vyake ni vichache na gharama yake ni kubwa.

Kisu nacho hakikuachwa, bali kilibadilishiwa kanuni. Ukataji wa zamani uliofuata ukingo wa uvimbe uliacha seli mbaya katika ngozi iliyoonekana nzima, na katika taarifa nyingi nusu ya uvimbe au zaidi ulirudi, aghalabu katika miezi 6 ya kwanza. Siku hizi mpasuaji hukata pamoja na ngozi nzima inayouzunguka, wengine wakitumia leza. Yafaa basi kutofautisha kutoweka, kupona na kurudi. Uvimbe uliotoweka leo haujapona mpaka muda upite bila kurudi. Aidha, baka dogo lisilosumbua laweza kuachwa na kuangaliwa tu, kwani kulichokoza kwaweza kuligeuza kuwa donda.

Zipo aina nyingine mbili za uvimbe zisizofaa kuchanganywa na sakoidi. Melanoma ni uvimbe mweusi unaoota hasa chini ya mkia wa farasi wa kijivu. Wengi wao waliopita miaka 15 wanao, na mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba badiliko la urithi linaloleta rangi hiyo ndilo pia linalowaelekeza kwenye uvimbe huo. Zamani ilishauriwa usiguswe. Leo wengi hushauri uondolewe ungali mdogo, kwa kuwa baadhi yake huenea hadi viungo vya ndani. Ya pili ni saratani ya seli bapa, inayopenda kope na sehemu za siri, hasa penye ngozi isiyo na rangi inayopigwa na jua. Hiyo ni saratani kwa maana kamili ya neno, na kuchelewa kuitibu ni hatari.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba uvimbe libaki neno la jumla, la kutumiwa kabla ugonjwa haujathibitishwa. Chunjua iwe ya kile kiota kinachopona chenyewe. Saratani iwekewe uvimbe wenye kuenea katika viungo vya mbali, au wenye tabia hiyo. Sakoidi lipokelewe kama lilivyo. Tulifikiria neno kinyama, ambalo lingefuata maana ya Kiyunani kwa karibu, tukaliacha: msomaji atakayekuta habari za tiba ya kinyama atadhani anasimuliwa ukatili.

Huenda wapo watakaolalamika kwamba tumekopa tena. Lakini na tupime hasara. Mwenye punda akiambiwa mnyama wake ana saratani, aweza kumchinja mnyama ambaye angemchukulia maji miaka 10 zaidi. Akiambiwa ni chunjua, atachukua wembe au uzi, na baada ya miezi michache atakuwa na donda asiloweza kulifunika kwa kiganja. Akiambiwa ni sakoidi, atauliza ni kitu gani hicho, na Bwana Mifugo atalazimika kumweleza. Neno linalomfanya mtu aulize kabla ya kushika kisu limekwisha kufanya sehemu ya kazi ya tiba.