Robo ya Bonane: mama zetu na masini ya kushona mjini Likasi

"Bonane inafika, batoto batavala nini?" Ulizo hilo linajulikana katika kila nyumba ya Likasi. Linaanza kusikika mwezi wa 11, mvua zikiwa zimeanza, na halinyamazi mpaka usiku wa tarehe 31 ya mwezi wa 12. Mtu anaweza kukosa kuku, anaweza kukosa hata soda, lakini mtoto kutembea asubuhi ya tarehe 1 na nguo ya zamani, hiyo ni haya kwa wazazi. Katika kurasa hizi tunataka kueleza nguo hiyo ilitoka wapi, nani aliishona, na kwa nini tunaona kwamba historia yake ni historia ya mji wetu.

Shaba ilinunua kitambaa

Kitambaa cha pamba kilifika kwetu kwa njia ya biashara. Wakati wa Msiri, huko Bunkeya, misafara ilileta vitambaa, shanga na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu, shaba na watumwa. Msiri aliuawa tarehe 20/12/1891. Miaka 15 nyuma ya kifo chake, katika mwaka wa 1906, ikaundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mji wetu ukaitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo, na jina hilo lilidumu mpaka mwaka wa 1966.

Mwanzoni kampuni ilitaka wanaume peke yao, wa mikataba mifupi. Wengi waliugua na kufa, wengine walikimbia, na kutafuta wapya mbali kulikula pesa nyingi. Basi mwishoni mwa miaka ya 1920 walibadili akili: mkataba uwe wa miaka 3, na mtu aje na bibi yake. Ndivyo kambi za Panda na Shituru zilivyojaa wamama na watoto. Na penye mama na watoto, lazima nguo.

Fwaye

Kampuni pamoja na masista walifungua nyumba za kufundishia wamama, ambazo baadaye watu wote waliziita fwaye. Huko walifundisha kushona, kufuma, kupika na kulea mtoto. Tuseme ukweli: hawakuwafundisha ili wapate mshahara. Walitaka mtumishi akute nyumba safi, alale vizuri, arudi kazini kesho yake. Mwanaume alihesabiwa kama mfanyakazi, na mama alihesabiwa kama bibi ya mfanyakazi. Lakini mikono ikiisha kujua kazi, haimuulizi mtu ruhusa.

Vitambaa vilinunuliwa katika maduka ya Wagiriki, ya Waitalia na ya Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Wengi walianza kwa kushona na mkono. Masini (wenzetu wa pwani wanasema cherehani) ilikuja pole pole: kwanza ile ya kuzungusha na mkono, halafu ile ya kukanyaga na miguu. Iliwekwa kwenye salo, mahali ambapo mgeni ataiona, ikifunikwa kitambaa cha kufuma. Mtoto aliyeigusa bila ruhusa alijua kitakachomfikia.

Namna ilivyoshonwa

Kikwembe kizima ni yadi 6, yaani karibu metre 5 na nusu, na kinagawanywa vipande 3. Kipande kimoja mama anajifunga, kingine anajitanda juu au kubebea mtoto, na cha tatu kinakatwa libaya. Lakini robo ya Bonane ya binti ilikuwa kitu kingine: popelini ya rangi moja au yenye maua, mikono ya kuvimba, volan mbili tatu chini, mkanda wa kufungia mgongoni.

Hatukuwa na karatasi za kupimia za dukani. Mama alichukua robo ya zamani, akaitandika juu ya gazeti, akakata gazeti kwa kuongeza vidole viwili kila upande, kwani mtoto amekua. Alama aliziweka na kipande chembamba cha sabuni kavu, kwa kuwa kinaonekana vizuri na kinatoka kwa maji. Pindo la chini aliliacha refu, karibu kiganja kizima. Mwaka uliofuata alilifungua, robo ikarefuka. Mwaka wa tatu robo ilimwendea mdogo wake. Mabaki ya kitambaa yalikuwa kofia ya mtoto mchanga, na mabaki ya mabaki yalikuwa nguo za mwana-sesere.

Kwetu nyumbani, mwaka mmoja, mkasi ulikosea, shingo ya robo ya yaya wetu ikawa pana mpaka ilishuka mabegani. Ilikuwa tarehe 30, duka limefungwa, pesa imekwisha. Yaya alilia. Mama hakusema neno. Alikwenda kwenye kitanda chake, akafungua dantela ya mto wa kulalia, akashona kola. Kisha alipiga pasi ya makala. Asubuhi, njiani kwenda misa, watu walisifu ile kola. Sisi tu ndio tulijua mto gani umebaki bila dantela.

Noeli ilipoondolewa

Tarehe 30/11/1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yanapewa Wazairwa. Kwetu matokeo yalionekana upesi: maduka mengi yalibaki na rafu tupu. Katika mwaka wa 1974 serikali iliondoa Noeli katika siku za mapumziko. Tena, kwa ajili ya "authenticité", suruali na nguo fupi zilikatazwa kwa wanawake. Kikwembe na libaya vikawa nguo ya heshima ya taifa.

Je, sherehe ilikufa? Hapana. Baba alikwenda kazini tarehe 25 kama siku nyingine, na mama alishona usiku. Robo ya watoto ikahamia zaidi kwenye Bonane, nayo ikashonwa kwa kikwembe, kwa sababu ndicho kilichopatikana. Serikali inaweza kufuta siku katika kalenda, lakini haiwezi kumfunga mama mikono.

Masini ilipolisha nyumba

Tangu mwaka wa 1967 kampuni ilikuwa mikononi mwa serikali, na baadaye tuliijua kwa jina la Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Katika mwaka wa 1994 zilikuwa karibu 30 000 tu. Mposho ulipungua, mshahara ulichelewa miezi na miezi. Katika mwaka wa 1992 majirani zetu waliotoka Kasai walifukuzwa. Maelfu walilala katika stesheni ya Likasi wakingojea treni. Tusifiche kwamba jambo hilo lilifanyika kwetu, na kwamba kati ya walioondoka walikuwemo wamama waliotufundisha kushona. Mwaka wa 2003 ukaleta ile "kuondoka kwa mapenzi": watumishi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliacha kazi.

Hapo ndipo masini ya salo ilitolewa ikawekwa barazani. Bibi ya mfanyakazi akawa mfanyakazi mwenyewe. Lakini sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987 ilidai mama aliyeolewa apate ruhusa ya bwana kabla ya kujifunga kwa mkataba wa kazi, na neno hilo lilifutwa mwaka wa 2016 tu. Kushona nyumbani hakukuhitaji karatasi yoyote. Ada za shule ngapi, dawa ngapi, unga kiasi gani vilitoka chini ya ile sindano! Shaba iliyonunua kitambaa ilinyamaza, na kitambaa kikawalisha watu wa shaba.

Na leo?

Leo soko limejaa nguo zilizoshonwa tayari China, na mabalo ya nguo zilizovaliwa kwanza Ulaya. Bei yake ni ndogo, hatuwezi kumlaumu mzazi anayezinunua. Lakini robo ya dukani haina pindo la kufungua mwaka ujao. Na binti asiyeona mama akikata gazeti hatajua kukata.

Ndugu wasomaji, tunaomba mambo mawili. La kwanza, tukae na wazee wetu wa fwaye wangali hai, tuandike wanayojua. La pili ni dogo zaidi. Kila mwaka tunawapelekea wamama hawa vitambaa siku ya mwisho, tunawakesheza, kisha tunasema "Mama, tutakulipa mwezi wa kwanza", na mwezi wa kwanza unapita. Basi Bonane ikifika, kabla ya kuuliza watoto watavaa nini, tujiulize kama aliyewashonea mwaka jana tumemlipa.