UZI: Sola ya nyumbani haikuletwa na siasa

1/ Kila kampeni, huku Olympic tunaahidiwa stima. Mjadala ukifika kwa sola, hakosi mtu wa kusema "serikali ndiyo ilituletea". Mimi napinga. Tupitie historia.

2/ 1984, shule ya harambee ya Karamugi, Meru. Mhandisi Mmarekani, Harold Burris, alisaidia kufunga paneli za kuwasha taa. Walimu na wakulima wa kahawa walioona wakataka za kwao. Wakanunua kwa pesa zao, wengi wakitaka TV na redio.

3/ Kibera nayo? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wa Kibera Community Youth Programme walikuwa wanaunda paneli ndogo kwa mkono na kuziuza. Zilitosha redio na kuchaji simu.

4/ Serikali imeingia wapi basi? Kwa leseni na kodi. Kanuni za 2012 zilimtaka fundi wa sola awe na leseni. VAT ilikuja 2013, ikaondolewa 2014, ikarudi 2020, ikatolewa tena 2021.

5/ Bei ikipanda, watu hubana kwa betri. Unanunua ndogo, inakufa mapema, halafu tunasema sola ni takataka.

6/ Kwa hivyo mgombea akija, usiishie kumuuliza "stima lini?" Muulize: VAT ya paneli na betri itakaa aje miaka 5 ijayo? Na mpangaji ana haki gani juu ya mabati ya landilodi? Majibu yaandike.