Mbwa wa ulinzi apangiwe chanjo kabla hajang'ata mtu

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MBWA wengi wanaofugwa jijini Mwanza na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria ni wa ulinzi: hufungwa mchana, hufunguliwa usiku. Aghalabu mwenyewe humkumbuka daktari wa mifugo siku mnyama amemng'ata mtoto wa jirani.

Jambo la kwanza la kuwekewa tarehe ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huo huenezwa kwa mate, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni kwa nadra mno. Mbwa achanjwe atimizapo miezi mitatu, arudiwe kila mwaka, na cheti kihifadhiwe.

Ushahidi uko karibu nasi. Wilayani Serengeti, mkoani Mara, kampeni za kuchanja mbwa vijijini zilianza mwaka 1996. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ugonjwa kwa mbwa ulipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na asilimia 97 baada ya ya pili, ingawa si kila mbwa aliyefikiwa.

Lakini mbwa asiyeshikika hachanjiki. Azoezwe tangu mdogo kuvaa ukanda wa shingoni, na siku ya chanjo apelekwe na mtu mzima. Desturi ya kuwatuma watoto si njema. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watoto wa chini ya miaka 15 ni kama 4 kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa.

Dawa ya minyoo hutolewa kila miezi mitatu, kwa kipimo cha uzito. Kupe watafutwe masikioni na katikati ya vidole. Matumbo mabichi ya machinjioni asipewe, wala miiba ya sangara, ambayo hukwama kooni.

Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na majeruhi afikishwe hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja mbwa aonyeshe dalili. Mbwa asiuawe kwa hasira: ikiwezekana kwa usalama, afungiwe peke yake na kuangaliwa kwa siku 10. Akibadilika tabia au kufa, ofisa mifugo na hospitali waarifiwe mara moja.